Kulia kwa Kinyozi

Duka la Kunyolea,
chumba cha nyuma,
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kipara,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui tena, na lile dirisha lako lisilofunga umelipatia dawa. Habari za dirisha hukuniambia mimi, nilizisoma kwenye barua uliyomwandikia mwenzio. Sisi hapa hatujambo. Mama hajambo, ila goti lake linalalamika asubuhi, likifika mchana linanyamaza. Duka linakwenda. Viti ni vile vile viwili, na kile cha marehemu Baba bado kinapiga kelele ukikizungusha.

Wanasema waraka ni nusu ya kuonana. Basi wewe na shemeji yako mmeonana vya kutosha, maana barua zako kwake ni kumi na tisa, nimezihesabu, ziko kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Katika zote hizo mimi nimepata mstari mmoja mmoja wa mwisho: "Msalimie dada." Ya kumi na moja hata huo haumo. Nilizigeuza karatasi nyuma na mbele, nikachungulia mpaka ndani ya bahasha.

Kwa hiyo hii ni barua ya wivu, nakwambia mapema usije ukasema hukuonywa. Namwonea wivu mume wangu mwenyewe. Ingekuwa ni mwanamke mwenzangu anayenitia wivu, majirani wangenipa pole na mmoja wao angeniletea hata chai. Lakini nimwendee nani nimwambie kwamba roho inaniuma kwa sababu mume wangu anaandikiwa na mdogo wangu? Watanicheka mpaka wakae chini. Nitakueleza kila kitu kwa mpangilio nilivyoumia. Mwisho wake hauniletei sifa, lakini usiurukie, soma kama nilivyoandika.

Ilianza na boti, ile tuliyoiunda wewe na mimi. Unajua ilivyokuwa, juu ya kabati la taulo, imeviringishwa kwenye shuka tangu siku uliyoondoka. Siku moja, mwaka juzi, nikarudi kutoka sokoni nikamkuta ameishusha mezani, anaipapasa tumbo kama daktari. Mtu mzima, fundi wa mafriji, watu wanamwita Fundi Baridi kwa heshima, yuko pale na kiboti cha rimoti mikononi. Nikamuuliza nani kamruhusu. Akanionyesha maandishi yako: "Shemeji, ichukue, uifufue."

Ichukue. Boti ambayo tumbo lake nililipiga msasa mimi, siku tisa, mpaka vidole vikawa laini havina alama. Mstari mwekundu wa ubavuni ni rangi yangu ya kucha, chupa nzima, na nilikuwa sina nyingine. Nusu ya boti ile ni yangu, Kipara. Umemgawia mtu mali ambayo nusu yake si yako, tena hukuuliza.

Sikusema neno. Unanijua, nikipiga kelele bado kuna nafuu, nikinyamaza ujue mambo yameharibika. Vitunguu vya siku hiyo viliungua, tukavila hivyo hivyo.

Baada ya hapo zikaja barua za ufundi. Shemeji yako mota anazijua, nyaya anazijua, lakini mota ya friji inakaa jikoni haiendi popote. Boti inayokimbia juu ya maji ni kesi nyingine. Akawa anauliza na wewe unajibu, kurasa nne, kurasa tano. Shafti ikae kwa mlalo gani. Grisi ipakwe kila baada ya mizunguko mingapi. Bomba la kupoza mota lichote maji wapi. Ikitoka majini uweke kidole juu ya mota uhesabu mpaka kumi, kidole kikishindwa kufika kumi, propela ni kubwa mno. Na jioni wakati wa kula, yeye ananisomea kwa sauti. "Sikiliza hii, mke wangu. Kumbe propela haitakiwi kuzama yote, nusu yake inapiga hewa."

Hilo nimelijua tangu nina miaka kumi na minne. Nikamwambia, "Kumbe."

Kila barua ilikuwa hivyo. Yeye anasoma, mimi natafuna, na kila neno lako naliona linanipita linakwenda kukaa kwa mtu mwingine. Hata vichekesho vyako nilivisikia kwa sauti yake, na anavichelewesha, hajui pa kuchekea.

Lakini ya nyembe ndiyo iliyonichoma hasa. Baba alitufundisha sisi wawili, hakuna mwingine: unasimamisha nyembe mbili za kukunja, kila moja kwenye kipande chake cha sabuni, makali juu, halafu unalaza pini ya propela juu ya makali hayo. Bawa lililo zito linajishusha lenyewe. Unalipiga msasa kidogo, unalaza tena, mpaka propela isichague upande. Sijawahi kuona mtu mwingine akisawazisha propela namna hiyo, kwa sababu si kila mtu baba yake ni kinyozi.

Basi Alhamisi moja, wateja wawili wanasubiri na mmoja ana povu usoni, shemeji yako anaingia dukani kuomba nyembe mbili za kukunja na vipande viwili vya sabuni. Nilijua papo hapo. Umemwambia. Kitu tulichoachiwa na Baba umekitia kwenye bahasha ukaibandikia stempu.

Nikampa nyembe mbili butu kuliko zote, zile za kukatia kadibodi. Jioni akarudi nazo, mpole, akasema zina mapengo, propela inakwama. Akaniomba samahani kwa kunisumbua kazini. Kesho yake akanunua mpya, akasawazisha, ikakubali. Mimi nilikaa najifanya nakunja mataulo.

Sasa nafika penye dhambi.

Boti ilianza kwenda vizuri, ila ikishika kasi inalalia upande wa kushoto. Wewe unajua sababu, propela inazunguka huku na boti inataka kulalia kule. Akakuandikia kwamba inalala, upande hakuutaja, na wewe hukuhitaji kuambiwa. Jibu lako likafika Jumatatu iliyopita, siku tano kabla ya mashindano, na mtu wa posta alinikabidhi mimi dukani. Niliifungua. Ndiyo, niliifungua, jina lililo juu si langu lakini mwandiko ni wa ndugu yangu. Ukaandika hivi: "Sogeza betri kushoto, vidole viwili. Na kile kibao cha nyuma, cha kulia, kishushe unene wa kadi ya simu."

Nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Umeandika kwa lugha ya kwetu, Kipara, na hukujua. Baba alikuwa anamgeuza mteja amtazame yeye ili mwanga wa mlangoni umpige usoni, halafu anamwambia "geuza kulia," na kulia alikokuwa anakusema ni mkono wake yeye Baba, ulioshika wembe. Wageni waligeukia upande usio sahihi, wazoefu walishajua. Na sisi boti tuliitengeneza humu humu, juu ya kiti kile kile, pua yake imetuelekea tumboni kama mteja anayenyolewa ndevu. Kwa hiyo ubavu wa kushoto wa boti kwetu ulikuwa kulia. Miaka yote hatujawahi kukoseana, kwa sababu tulikosea pamoja. Miaka mitatu uko huko kwa watu, na bado kulia kwako ni kwa kinyozi.

Ulitaka betri iende kulia, na kibao cha kushoto ndicho kishuke kiunyanyue ubavu unaolala. Umeandika kinyume. Mtu wa pekee duniani anayeweza kuisoma barua ile sawasawa ni mimi, na haikuandikwa kwangu.

Nilipompa aliisoma mara tatu, safari hii kimya. Akaleta boti, akaitazama kutoka nyuma kama watu wote wanavyotazama boti. Akasema, "Inalalia kushoto, na mdogo wako ananiambia niongeze uzito huko huko kushoto. Naona kama kinyume. Wewe unaonaje?"

Nataka ujue kwamba kwa miaka miwili hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi chochote kuhusu boti ile. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Nikasema, "Aliyeandika ndiye mjuzi. Mimi ni wa kusalimiwa tu."

Akanitazama kidogo, akasema, "Basi nitamfuata yeye. Hajawahi kunipotosha." Akaisogeza betri kushoto vidole viwili, akaibana kwa mkanda, akashusha kibao cha kulia. Ijumaa alitaka kwenda kuijaribu, mvua ikanyesha kutwa. Nilishukuru kwa mvua, halafu nikajiogopa.

Jumamosi, yaani jana, nilifunga duka nikaenda naye. Mashindano yanafanyika kwenye lile shimo la zamani la kiwanda cha matofali, ambalo limejaa maji, na madumu manne ya njano yanaelea ndiyo kona. Njiani nilitaka kumwambia mara mbili. Neno linafika ulimini, nakumbuka "Msalimie dada," nalimeza.

Mshindani wake mkubwa ni Mwalimu wa hesabu, mtu mwenye daftari hata la kupimia upepo, na hajashindwa mwaka mzima. Wakaziweka majini. Nakiri kitu kimoja: sauti ilikuwa nzuri. Mota ilikuwa inaimba noti moja haitetemeki, na nilijua ni kazi ya zile nyembe. Boti ikainuka, tumbo likaacha maji, ikampita Mwalimu kabla hajakohoa. Watu wakaanza kupiga makofi. Moyo wangu ukapiga makofi pia, nisikudanganye.

Kisha akavuta rimoti mpaka mwisho. Nikaona ule mstari wangu mwekundu unaingia majini taratibu, upande wa kushoto. Dumu la kwanza unalipita kwa kukata kona kulia, na boti ikikata kulia inaegemea kushoto, na kushoto ndiko tulikoweka uzito wote. Ilibingirika mara tatu, ikalipiga dumu kwa pua, kifuniko kikaruka, moshi ukatoka, ikazama kuanzia mkiani. Haikuchukua muda hata wa kupiga chafya.

Watu wakasema pole. Mwalimu wa hesabu alisimamisha boti yake katikati ya maji, hakutaka kushinda hivyo. Shemeji yako akavua viatu, akanikabidhi pamoja na rimoti, akaingia.

Kipara, nimeishi na mtu huyu miaka kumi na moja na sijawahi kumwona maji yakimpita vifundo vya miguu. Sijawahi kujiuliza kwa nini. Aliingia mikono juu, meno ameyauma, maji yakafika kiunoni, kifuani, akawa anaitafuta boti kwa nyayo, mwisho yakafika kidevuni. Nikamwita arudi, hakugeuka. Alitoka nayo ameikumbatia, anatetemeka, na jua lilikuwa kali.

Nyumbani akaitandikia gazeti mezani, akaimwaga maji, akachomoa betri. Kisha akachukua karatasi akaanza kukuandikia wewe kabla hata ya kubadili nguo: "Shemeji, nimekuangusha." Nilisoma juu ya bega lake. Nikatafuta neno la kumpoza, na hata hilo likatoka na sumu. Nikamwambia, "Pole. Najua ulivyoipenda boti yako."

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Siipendi." Nikadhani ni hasira. Akasema, "Mimi na maji hatupatani tangu nikiwa mdogo, karibu yanimalize. Mdogo wako alikuandikia wewe barua tatu, hukujibu hata moja. Ya nne akaniandikia mimi, anauliza kama uko hai. Nikaona na mimi nisipomjibu, huyu ataacha kabisa. Sasa nitaongea naye nini, mafriji? Nikamuuliza kile kitu juu ya kabati ni nini. Akajibu kurasa nne." Akafuta maji usoni kwa mkono. "Na nilikuwa nakusomea mezani ili usikie anavyoongea."

Nilikaa. Kinyozi hajinyoi, wamesema kweli. Nimeshika vichwa vya watu miaka yote hii, cha mume wangu kila mwisho wa wiki, na sikujua ndani yake kuna nini.

Nikamwambia yote. Kulia na kushoto, barua niliyoifungua, Jumatatu mpaka Jumamosi. Aliniuliza swali moja tu, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akaichana ile barua aliyoianza, akaenda kubadili nguo. Leo asubuhi ameniwekea karatasi na kalamu juu ya kiti cha Baba, akasema, "Zamu yangu imekwisha."

Sasa nikujibu barua zako tatu, maana umezisubiri miaka mitatu.

Uliondoka hukuniaga. Mama ulimuaga, muuza mkaa wa jirani ulimuaga, hata yule mteja mwenye kifua kikubwa alikuwa anajua siku ya safari. Mimi uliniandikia kwa sabuni kwenye kioo, "Dada, usikasirike." Nikakasirika. Nilijua uliogopa kwamba nitakuzuia, na kweli ningekuzuia, ningeficha viatu vyako. Lakini ulitakiwa uniache nijaribu.

Barua zako tatu nilizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo, nimezigundisha kwa selotepu. Sikujibu kwa sababu nilitaka unibembeleze mara ya nne. Hiyo ndiyo siri yote, na ni ndogo hivyo. Badala ya kunibembeleza mimi, ukamwandikia mwingine, nami nikamchukia kwa kupokea nilichokikataa.

Kuhusu boti. Kile kiboksi kinachoigawia mota umeme kimeungua, kina harufu, hakiponi. Mota yenyewe nimeikausha leo kwa mashine ya kukaushia nywele, nimeizungusha kwa mkono, inazunguka haikwaruzi. Bawa moja la propela limepinda, nitalinyoosha mimi. Pua imepasuka urefu wa kidole changu cha kati, nitaiziba kwa faiba na kuipiga msasa. Niambie tu tuipe mota umeme kiasi gani safari hii, na kama bado unataka vidole viwili au kimoja na nusu kinatosha.

Yote hayo niandikie mimi. Jina langu juu ya bahasha. Ukiwa umekasirika kwa boti, na una haki, kasirika kwa maandishi, nitayasoma. Na ukiamua na wewe uninyamazie miaka mitatu, sitasema umenionea. Nitaandika kila mwezi hivyo hivyo, na sitamtuma mtu anijibie.

Usimwandikie shemeji yako kunitetea. Yule ni deni langu, nitamwomba msamaha kwa mdomo wangu, leo na kesho na mpaka atakapochoka kuukataa. Wewe nakuomba hapa kwenye karatasi, kwa sababu uko mbali na sina namna nyingine: nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa hai muda wote ulipokuwa ukiuliza.

Mama anakusalimu, anasema ule na ulale. Muuza mkaa anakusalimu. Mwalimu wa hesabu hakujui lakini anauliza propela ile ilisawazishwa na nani, nimemwambia na mume wangu. Mungu akuwekee mkono, akupe afya, na ukiugua huko akupatie mtu wa kukuchemshia maji.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda hata nikiwa nimenuna,

Wembe